Ireland Walirudishiwa, Gulu Je?

Kuna imani imeota mizizi kwenye vijiwe vya kahawa hapa Musoma, na ukiigusa stendi ya Bunda utakuta imeota zaidi: serikali zetu hizi zikiachwa peke yake zitatumaliza, kinachozitia adabu ni mfadhili. Mzungu akifunga mfereji, waziri anajiuzulu. Mzungu akituma mkaguzi, barabara inakwisha. Kwa nchi iliyotoka vitani ndiyo usiseme: hapo mfadhili anahesabiwa kuwa mwalimu wa utawala bora, fedha mkono wa kulia, masharti mkono wa kushoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Naipinga imani hiyo, na sitakwenda mbali kutafuta ushahidi. Nitavuka ziwa tu.

Kaskazini mwa Uganda kulipigwa na vita vya Lord's Resistance Army kwa takriban miaka 20. Bunduki ziliponyamaza kuanzia 2006, wafadhili walijaa Kampala kuchangia mpango wa kuijenga upya kaskazini, uliosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kila ambacho kijiwe chetu kinakitamani kilikuwepo: masharti, wataalamu, taarifa, semina za uwajibikaji zenye chai na sambusa. Oktoba 2012 ikatoka ripoti. Takriban euro milioni 12 za Ireland, Norway, Sweden na Denmark zilikuwa zimechepushwa, nyingine zikiishia kwenye akaunti binafsi za watumishi wa ofisi hiyo hiyo.

Mfereji ukafungwa. Ireland ikadai euro milioni 4 zake, na mwanzoni mwa 2013 zilikuwa zimekwisha kurudi. Zililipwa na nani? Na Hazina ya Uganda.

Tulia hapo kidogo. Fedha zilikuwa za mtu wa Gulu, huko kaskazini, aliyekuwa anatoka kambini kurudi kwenye shamba lililogeuka pori. Zikaibwa. Aliyelipwa fidia ni Dublin. Aliyeilipa fidia hiyo ni mlipa kodi wa Uganda, akiwemo huyo huyo wa Gulu kila anaponunua sabuni na mafuta ya taa. Ameibiwa, kisha ametozwa gharama za kuibiwa. Kwa hesabu za kibalozi suala likafungwa vizuri: serikali imewajibika. Kweli imewajibika, lakini kwa Ireland.

Na aliyeufichua wizi huo si mfadhili. Ni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Uganda, mtumishi wa umma wa nchi ile ile tunayoambiwa haiwezi kujikagua.

Serikali haina tofauti na mtoto anayelipiwa ada na mjomba wa mjini: ripoti ya shule ataipeleka kwa mjomba, na baba nyumbani ataambiwa tu kwamba masomo yanaendelea. Hakuna ubaya wa mtoto wala wa mjomba. Ni hesabu. Anayelipa ndiye anayeoneshwa daftari.

Sisi wa Mara tuna toleo letu la imani hii, na linatuuma zaidi kwa sababu linamhusu mzee wa Butiama. Utalisikia hivi: baada ya vita vya Kagera dhidi ya Uganda nchi ilianguka kwa sababu Mwalimu Nyerere aliwagomea IMF, angekubali, misaada ingetuokoa.

Vita vile ni vyetu kabisa. Divisheni ya 20 iliyosonga kuelekea Kampala iliongozwa na David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyefariki Oktoba 2024 akiwa amevuka miaka 100. Kampala ilianguka Aprili 1979. Gharama inakadiriwa kufika dola milioni 500, na tuliibeba karibu peke yetu, huku Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika mwaka 1977 na bei ya mafuta inapaa. Mwalimu akaomba taifa lifunge mikanda kwa miezi 18. Tulifunga mpaka matundu yakaisha. Sabuni ikawa inapita mpaka wa Sirari usiku.

Ni kweli Mwalimu alikwaruzana na IMF, na Edwin Mtei akaachia Wizara ya Fedha mwaka 1979. Lakini wanaosimulia hukatia hadithi hapo. Mwaka 1980 Tanzania ilisaini mkataba na IMF, ukavunjika baada ya miezi michache. Na kugombana na IMF hakukuwa kukosa misaada. Katika miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopokea misaada mingi zaidi Afrika. Sweden, Norway, Denmark, Uholanzi, Benki ya Dunia, wote walikuwa mlangoni. Ndipo Benki ya Dunia ilipogharimia kiwanda cha viatu Morogoro, kilichokusudiwa kuuza viatu Ulaya na ambacho hakikuwahi hata kukaribia uwezo wake hadi kilipofungwa.

Kiwanda ni kidogo. La kutazama ni lililotokea kwa mwananchi. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, madiwani wakaenda nyumbani, madaraka yakapelekwa kwa maofisa wa mikoa. (Waliotushauri muundo huo ni kampuni ya Kimarekani, McKinsey. Ukishangaa ya Musa.) Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mkulima wa pamba wa Bunda akabaki hana diwani wa kumuuliza na hana chama cha kumsemea. Ana mizani, ana stakabadhi, anangoja malipo. Muongo huo huo ndio uliokuwa wa neema ya wafadhili. Walikuja, waliona, waliongeza. Hakuna aliyefunga mfereji kwa sababu mtu wa Bunda amenyang'anywa chama chake. Mwalimu alikosea pale, na nasema hivyo nikiwa si mbali na kaburi lake. Ila jiulize: serikali ingethubutu kumvunjia mkulima ushirika wake kama mkulima ndiye angekuwa tegemeo lake pekee la fedha? Ingemhitaji mno.

Hata sisi tumewahi kuwa mgeni wa kumponya mwenyeji. Machi 1979 tuliwakusanya Waganda Moshi wakaunda umoja wao, tukawasindikiza Ikulu na majeshi yetu yakabaki kulinda. Rais Yusuf Lule alidumu siku 68. Godfrey Binaisa akafuata, naye akaondolewa Mei 1980. Uchaguzi ukafanyika Desemba, na Februari 1981 risasi zikaanza upya, vita vikaishia kuitafuna Luwero. Nia yetu ilikuwa njema kuliko ya wafadhili wengi. Lakini kila mwanasiasa wa Kampala alikuwa ameshajua wa kumbembeleza ni nani: Dar es Salaam.

Mtu ataniambia, mbona kwenye sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow mawaziri waling'oka? Haya. Mwaka 2014 wafadhili walizuia misaada ya bajeti inayokaribia dola milioni 500. Lakini aliyeifumua Tegeta Escrow mbele ya taifa ni Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge letu, kwa ripoti ya Mkaguzi wetu na kelele zetu. Profesa Sospeter Muhongo, Waziri wa Nishati na Madini, alijiuzulu Januari 2015, akishikilia kuwa hakukosea. Kabla mwaka haujaisha Musoma Vijijini walikuwa wamempa ubunge na rais mpya amemrudishia wizara ile ile. Mwaka 2016 shirika la MCC la Marekani likaondoa dola milioni 472 kwa sababu ya uchaguzi wa marudio Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Matokeo ya Zanzibar yakabaki yalivyo. Sheria nayo ikabaki.

Sasa nenda mwalo wa Mwigobero hapa Musoma asubuhi dagaa wakishuka. Mkusanya ushuru anapita na mashine yake, anatoa karatasi. Mama muuza dagaa anaishika risiti ile na hamwachii: choo cha mwalo kimejaa tangu lini, taa za usiku zi wapi, hizi fedha mnapeleka wapi nyie? Mkusanya ushuru ananywea, anaanza kumtaja bosi wake. Wote waliosimama karibu wanaongezea la kwao. Hakuna semina ya utawala bora iliyomfundisha mama yule. Ametoa hela yake dakika mbili zilizopita.

Kisha ingia vijijini, tafuta visima vya Hesawa, mradi wa maji na usafi uliogharimiwa na Sweden katika Mara, Mwanza na Kagera kuanzia 1985 hadi 2002. Maji yalitoka, watoto hawakuharisha kama zamani, na sitaubeza mradi huo. Lakini pampu ikifa, wazee watakuambia bila kuona ajabu yoyote: tunawangoja Hesawa. Hawasemi tunamngoja diwani.

Linganisha na Somaliland: ilipotoka vitani haikutambuliwa na dunia, hivyo mlango wa misaada mikubwa ulikuwa umefungwa. Baada ya mkutano wa wazee wa Borama mwaka 1993, Rais Mohamed Ibrahim Egal ilimbidi awaendee wafanyabiashara wa mifugo na kuomba kodi ya bandari ya Berbera. Hawakumpa bure. Walitaka amani barabarani na serikali isiyowanyang'anya. Sisemi kule ni peponi. Nasema mazungumzo yalikuwa kati ya mwenye nchi na mwenye ng'ombe.

Na dawa je? Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipokata misaada yake ghafla, hofu ya wenye kutumia ARV ilikuwa ya haki. Dawa ni dawa, ikija, ipokelewe. Ninachokataa ni kuipa dawa cheo cha mkaguzi.

Basi tuanze na tulichonacho. Mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama umegharimiwa na benki ya BADEA, Mfuko wa Maendeleo wa Saudia na serikali yetu, bilioni 70.5 kwa jumla. Sehemu ya fedha hizo ni mkopo, na mkopo tutaulipa sisi. BADEA wana nakala ya mkataba, Riyadh wana nakala. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Ujao, ukiwa Kiabakari, mwambie mwenyekiti asiwasomee mahudhurio na michango ya mwenge tu. Asome mkataba ule: riba, miaka ya kulipa, kazi zilizoahidiwa na zilizofanyika. Akisema nakala hana, mkutano usifungwe mpaka aseme nani anayo.