Kufunga Akaunti Si Kukiri Kosa

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma,

Wiki iliyopita kijana mmoja aliandika kwenye kundi letu: "Asiye na la kuficha hafungi akaunti." Watu wakamshangilia kweli kweli. Mimi sikushangilia, na jibu langu lilikuwa refu kuliko komenti, basi nimelileta hapa.

Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Kila kitu wazi: jina kamili, namba ya simu, jamaa wote. Siku moja nikapiga picha bombani, watu wanacheka na madumu yao, nikaposti. Nyuma yao kibao chenye namba ya bloku kinasomeka vizuri. Nikapata likes nyingi, nikalala na furaha. Siku ya tatu dada mmoja aliyekuwemo kwenye ile picha akaja kwetu na simu mkononi. Mtu alikuwa amemwandikia inboksi: "Kumbe ndiko ulikojificha." Hakuna tusi wala tisho, ni maneno hayo tu. Yule dada alikuwa hajamwambia yeyote hapa kambini alimkimbia nani. Kwa majuma mengi alilala kwa majirani, leo huku, kesho kule. Picha niliifuta, lakini wengine walikuwa wameshaisambaza.

Sasa mniambie jameni, yule dada alikuwa na kosa gani? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi wengi hapa tumeumwa.

Najua mtasema mitandao imetusaidia. Ni kweli, wapo waliompata mama yao kupitia Facebook baada ya miaka mingi. Mtu aliyetoka Goma Januari 2025, M23 wakiingia mjini, akapotezana na wadogo zake njiani, huyo akificha jina na sura, wadogo zake watamtafutia wapi? Kwa hiyo wale wanaotuambia kwenye semina "fungeni kila kitu" nao sikubaliani nao. Wanaongea kama watu ambao familia yao yote iko nyumbani inawasubiri kula.

Msimamo wangu ni huu: una haki ya kufungua mlango wa nyumba yako, huna haki ya kufungua wa jirani. Jina lako na sura yako, weka ukipenda. Lakini bloku tunayoishi wengi, mtoto wa mwenzako, foleni ya posho yenye sura za watu, hivyo si vyako peke yako. Ukimwingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp bila kumuuliza, wote waliomo wanaiona namba yake, hata asiowajua. Na hata kilicho chako, fikiri kwanza. Unaposti namba ya kesi yako kwa furaha, kesho "afisa" anakuja inboksi kuomba pesa ili akuharakishie safari. UNHCR imesema mara nyingi kwamba huduma zake ni bure. Anayedai pesa ni mwizi, na wewe ndiye uliyempa jina na namba ya kuanzia.

Sasa nyinyi wa mashirika. Mnatufundisha kuwa waangalifu mitandaoni, halafu mnakuja na kamera. Mtu yuko kwenye foleni tangu alfajiri, mnampa fomu ya Kiingereza asaini, eti amekubali kupigwa picha. Atakataaje, na anadhani akikataa atakosa sabuni?

Na taarifa mnazokusanya hazikai salama kwa sababu tu mna nia njema. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba kompyuta zake zimeshambuliwa na taarifa za watu zaidi ya 515,000 zimefikiwa, na wengi wao walikuwa wakitafuta ndugu waliopotezana nao. Mwaka 2021 Human Rights Watch ilisema taarifa za Warohingya zilizokusanywa na UNHCR kule Bangladesh ziliishia mikononi mwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia. UNHCR ilijitetea kwamba watu waliulizwa. Mimi nauliza: waliulizwa kwa lugha gani, na wangesema hapana ingekuwaje?

Uganda na Kenya zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022. Tuelezeni sheria hizo kwa Kiswahili kabla ya kutoa kamera kwenye begi.

Yule dada alinisamehe. Sasa hivi kabla ya kuposti namwonyesha kila aliyemo kwenye picha, na mmoja akisema hapana, nafuta mbele ya macho yake. Inachelewesha, na likes zimepungua sana. Anayebisha aje tubishane hapa chini, lakini aanze kwa kunijibu hili: yule dada, nani alimuuliza?