Dari Kwanza, Vioo Baadaye

Ofisi za pamoja, ambamo watu wasio na mwajiri mmoja hulipia kiti, meza na intaneti, zimezoeleka kwetu kwa sura moja. iHub ilifunguliwa Nairobi mwaka 2010, Dar es Salaam ikapata Buni Hub chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na picha inayosambaa tangu hapo ni ile ile: ukumbi mpana usio na kuta, vioo, meza ndefu, rangi kali. Kijana anayetaka kufungua ofisi kama hiyo Lushoto huanza na picha hizo. Ningemshauri aziweke kando.

Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni hadi Agosti vidole hugoma kuchapa. Kioo chembamba hakitunzi joto. Ukuta mnene wa matofali ya kuchoma hulitunza. Miezi hiyo jua la adhuhuri hupita kaskazini, kwa hiyo dirisha kubwa lielekee huko na wanaoshinda kutwa wakae karibu nalo. Wajerumani, walioupa mji huu jina la Wilhelmstal, walijenga nyumba zenye meko. Si lazima tuwasifu kwa hilo. Walisikia baridi tu.

Kisha kuna bati. Mvua ya masika ikipiga bati lisilo na dari, anayeongea kwa simu na mteja wa Dar es Salaam hasikii neno. Dari ya mbao, na misonobari ya Shume haiko mbali, haipendezi pichani kama ukuta wa kioo, lakini ndiyo inayomwezesha mtu kufanya kazi. Hata huo ukumbi usio na kuta una walakini wake: mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walichapisha utafiti kuhusu kampuni mbili kubwa zilizobomoa kuta za ofisi zao. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, barua pepe zikaongezeka.

Lakini swali zito zaidi ni nani atakayeketi humo. Kwa maoni yangu, miji yetu midogo ina ofisi za pamoja tayari: steshenari. Humo ndimo anayeomba mkopo wa chuo au kazi serikalini hujaziwa fomu, akiwa amesimama mbele ya kaunta, akitaja kwa sauti namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na nywila yake huku foleni nzima ikisikiliza. Mbunifu wa mpangilio wa ndani aanzie hapo. Atenge vijichumba viwili vitatu vyenye mlango, skrini isionekane kutoka nje, na kila kimoja kiwe na viti viwili: cha mwenye fomu na cha anayemsaidia. Printa ikae karibu na mlango wa kuingilia, ili anayefuata karatasi moja asiwapite wanaosoma sheria. Lushoto ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kwa hiyo hao hawatakosekana.

Wapo watakaosema sura ndiyo inayovuta wateja, hasa mgeni anayetaka kufanya kazi wiki mbili huku akitazama milima. Ni kweli, na meza mbili za dirishani zinamtosha. Kumjengea jumba zima ni hatari kwa kikundi cha vijana kilichokopa kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi. Mkopo huo hauna riba, ila unarejeshwa, na mgeni haji kila mwezi. WeWork, kampuni ya ofisi za pamoja yenye mtaji mkubwa kuliko halmashauri yoyote, iliomba kinga ya kufilisika Novemba 2023, ikiwa imelemewa na pango.

Bei nayo ipangwe kwa saa. Dalali wa kabichi hana haja ya kulipia kiti cha mwezi mzima. Anataka nusu saa ya intaneti, soketi inayofanya kazi na mahali pa kujadiliana bei kwa simu kabla lori halijateremka Mombo.