Mama Aliyebaki Kazini



Je, umewahi kukaa mahali watu wakamzungumza mtoto wako nawe unasikia? Labda ni arusini, labda ni kwenye foleni ya kliniki. "Huyu bado mdogo, hataweza." "Yule naye siku hizi si yule tuliyemjua." Unajifanya husikii, unamrekebisha mtoto kola ya shati, lakini maneno yameshaingia, na usiku yanakunyima usingizi.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya vijana wawili waliosemwa hivyo na watu wa nchi nyingi, kwa miezi kadhaa, kabla hata hawajakaa mezani. Jambo lenyewe ni la mchezo, tena mchezo ambao wengi wetu tumewaachia wanaume: sataranji, ambayo watoto wetu shuleni huiita chesi. Tafadhali usifungue ukurasa wa mapishi kwanza. Mimi mwenyewe siijui kuicheza. Jinsi farasi wake anavyoruka bado kunanichanganya. Nilianza kuifuatilia kwa kulazimika. Ilikuwa mwisho wa Novemba 2024, kijana wangu yuko nyumbani kwa likizo, na mechi za kugombea ubingwa wa dunia zilikuwa zikianza saa kumi na moja jioni kule Singapore. Kwetu hiyo ni saa sita mchana, sufuria iko motoni. Kila nikiuliza kama maji yamechotwa naambiwa, "Subiri mama, Ding anafikiri." Nikajiuliza, huyu Ding ni nani anayefikiri nusu saa nzima juu ya kusogeza kipande kimoja?

Ding Liren ni Mchina aliyezaliwa mwaka 1992. Aprili 2023, mjini Astana, alimshinda Mrusi Ian Nepomniachtchi akawa bingwa wa dunia, Mchina wa kwanza katika mashindano ya wanaume na wanawake pamoja. Kiti hicho kilikuwa kimeachwa na Magnus Carlsen wa Norway, aliyesema hana tena hamu ya kukitetea. Basi wengine wakaanza: bingwa gani huyu, na aliye hodari kuliko wote amekaa nyumbani? Mabishano hayo sikuyajali sana. Aliyekataa mwaliko wa karamu asihesabiwe miongoni mwa waliokula.

Kilichonigusa ni kingine. Baada ya kuupata ubingwa, Ding aliugua, na ugonjwa wenyewe haukuwa wa mguu wala wa tumbo. Alieleza waziwazi kwamba alikuwa na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, na kwamba usingizi ulimkimbia. Kwa miezi mingi hakucheza kabisa. Aliporudi, mwaka 2024, akawa anashindwa hata na wale aliokuwa akiwazidi. Alifikisha michezo 28 ya muda mrefu bila kushinda hata mmoja, na katika orodha ya wachezaji wa dunia akashuka hadi nafasi ya 23. Yeye mwenyewe alikiri kwamba anaogopa kushindwa vibaya.

Hapo kila mtu akawa daktari. Wako waliouliza kama atafika Singapore au atakata tamaa njiani. Wako waliosema itakuwa aibu, mashindano yataisha mapema. Carlsen naye alimpa mpinzani wake nafasi kubwa zaidi.

Dada yangu, maneno hayo tunayajua. Mama anajifungua, siku zinapita hacheki, hali, hamtazami mtoto aliyemlilia miaka mingi. Majirani husemaje? Anadeka. Ana kiburi. Mbona fulani alizaa mapacha na siku ya tatu alikuwa shambani? Nimewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo nikitafuna karanga, na mdomo wangu haukuwa kimya. Nilipomsoma Ding nilimkumbuka yule mama, na sikujisikia vizuri.

Sasa tuje kwa yule wa pili. Gukesh Dommaraju alizaliwa Chennai, kusini mwa India, Mei 2006. Kwa hiyo alikuwa na miaka 18 tu. Mtu mwenye umri mdogo kuliko wote kuutwaa ubingwa huo bila ubishi alikuwa Garry Kasparov, aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1985. Aprili 2024, huko Toronto, Gukesh aliwashinda wachezaji saba wazoefu akapata haki ya kumkabili Ding. Septemba akaisaidia India kupata dhahabu katika Olimpiadi ya sataranji mjini Budapest (na akina dada wa India nao walichukua dhahabu yao, jambo ambalo magazeti mengi yalilipitia haraka). Hata mahali pa kuchezea palishindaniwa: Delhi iliomba, Chennai ikaomba, Singapore nayo. Ikachaguliwa Singapore. Nadhani ilikuwa heri. Kumwekea mtoto mtihani kama huo mlangoni kwao, jamaa wote wamesimama dirishani, ni kumwongezea mzigo.

Lakini mimi nilitaka kujua habari za nyumbani kwao. Baba yake, Rajinikanth, ni daktari mpasuaji wa masikio, pua na koo. Mama yake, Padmakumari, ni mtaalamu wa vijidudu vya maradhi. Mtoto alijifunza mchezo mwaka 2013 akiwa na miaka saba, saa moja kwa siku, mara tatu kwa wiki. Mwaka huohuo Carlsen alikuja Chennai kucheza na bingwa wa India, Viswanathan Anand, na mtoto alikuwa miongoni mwa watazamaji, akiwaangalia kupitia ukuta wa kioo. Alisema baadaye kwamba alitamani siku moja awe ndani ya kile chumba.

Watoto wetu hutamani mengi. Tofauti ni kwamba wazazi hawa walimwamini. Baba aliacha kazi ya hospitali ili asafiri na mtoto kwenye mashindano, na mama akabaki kazini kulisha nyumba. Baada ya darasa la nne, mtoto hakuendelea na masomo ya kila siku kama wenzake. Kuna wakati fedha ziliwaishia, rafiki za wazazi wakachanga ili kijana asafiri. Gukesh mwenyewe amelisema hilo bila kuona haya.

Hapo niliweka mwiko chini. Niseme kweli: mimi nisingekubali. Mume wangu aache kazi, mtoto aache darasa, mimi nibaki na mshahara mmoja na bili zote, kwa ajili ya askari na farasi wa mbao? Na ukitaka kujua, bado sikushauri ufanye hivyo. Tunamtaja Gukesh kwa sababu alifika. Wako wazazi wengi waliouza walichokuwa nacho kwa ajili ya kipaji cha mtoto, wala hakuna gazeti litakalokuja kuwauliza habari zao.

Ndiyo sababu neno moja la mama huyo lilinikaa moyoni. Gukesh amesimulia kwamba mama yake humwambia angefurahi kusikia kwamba mwanawe ni mchezaji mkubwa, lakini angefurahi zaidi kusikia kwamba ni mtu mwema zaidi. Mama aliyebeba nyumba peke yake kwa miaka hiyo yote alikuwa na haki ya kudai kombe. Wala hakulidai. Ina maana mtoto angerudi mikono mitupu, mlango ungekuwa wazi.

Je, mechi zilikwendaje? Mchezo wa kwanza kabisa, tarehe 25 Novemba, Ding akashinda! Mgonjwa waliyemwandalia maombolezo. Kijana wangu alipiga kelele mpaka nikadhani kuna nyoka ndani. Gukesh akasawazisha katika mchezo wa tatu. Kisha zikaja sare saba mfululizo, na wataalamu wakalalamika kwamba kiwango ni cha chini, wakati wale wawili walikuwa wakikaa mezani saa nne, saa tano. Mchezo wa kumi na moja Gukesh akatangulia, siku iliyofuata Ding akamrudisha chini. Walipofika mchezo wa mwisho, wa kumi na nne, kila mmoja alikuwa na pointi sita na nusu.

Ilikuwa tarehe 12 Desemba. Kwetu Kenya ni Sikukuu ya Jamhuri, na wageni walikuwa wamejaa sebuleni. Wote walisema itakuwa sare, kisha kesho yake michezo ya haraka, ambayo wengi waliamini Ding ndiye bora zaidi. Ubaoni vilibaki vipande vichache. Ding akaisogeza ngome yake mahali pasipofaa. Kosa dogo tu la mtu aliyechoka, kama wewe unavyotia chumvi mara mbili mwisho wa siku. Ngome zikaondolewa, maaskofu pia, wakabaki wafalme na askari: Gukesh askari wawili, Ding mmoja. Mchezo ukaisha hapo.

Gukesh alilia mezani. Halafu, machozi bado yanamtoka, akavirudisha vipande vyote mahali pake pa kuanzia, kimoja kimoja, kama mtoto aliyefundishwa kuosha sahani yake baada ya kula. Alipozungumza na waandishi wa habari alisema Ding amepigana kama bingwa wa kweli. Ding naye alisema anaona amecheza vizuri kuliko mwaka mzima uliopita, na kwamba hana majuto. Mtu waliyesema hatafika alikuwa amefika, akakaa wiki nzima mbili na zaidi, akashinda michezo miwili kati ya kumi na minne. Sijui ni wangapi kati ya wale waliomsema vibaya waliomwomba radhi.

Mlangoni baba alimkumbatia mwanawe asitake kumwachia. Mama hakuwapo ukumbini. Gukesh alisema alimpigia simu, na kwamba yeye alikuwa analia na mama alikuwa analia.

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya chai, wageni wananisubiri. Kijana akaniuliza, "Mama, mbona na wewe?" Nikamwambia ni moshi wa kitunguu, akachote maji sasa, Ding amemaliza kufikiri.