NYUMBA YA MTU ALIYE HAI



Mwezi wa Julai tulimzika baba yake mwenzetu mmoja wa genge la njia, huko nyuma ya vilima vya Kilungu katika Makueni. Jina la mwenzetu hatulitaji, maana ametuomba tusilitaje. Kwa mazishi hayo wanachama wa tawi letu walichanga Shs. 163,000 kwa muda wa siku tisa tu. Jeneza lilikuwa zuri, gari lilikuwa zuri, watu walikula wakashiba, wala hakuna mwanachama aliyehitaji kuulizwa mara mbili.

Tulipoketi chini ya hema tuliloajiri ndipo tulipoanza kuona. Hema lile lilikuwa na paa bora kuliko nyumba ya marehemu. Mabati yalikuwa yametoboka kwa kutu, na mengine yamezuiliwa kwa mawe yasipeperuke. Pembe moja ya nyumba ilikuwa imeachana na mwenziwe, ufa ukapita hata mtu aweza kuingiza mkono. Mama mjane, aliye na umri wa miaka themanini na zaidi, alikuwa akilala jikoni pamoja na kuni na kuku, na yule mzee tuliyemzika alikuwa amelala humo humo jikoni mvua mbili nzima kabla ya kufa. Hatusemi kwamba nyumba ndiyo iliyomwua. Daktari hakusema hivyo. Lakini hakuna kati yetu aliyerudi Nairobi siku ile akiwa na raha moyoni, maana mwenzetu huyu tumefanya kazi naye miaka kumi na miwili, tumekula naye chai asubuhi baada ya asubuhi, naye hakutuambia neno. Aliona haya.

Nyumba ile ilijengwa mwaka 1974 kwa mshahara wa reli. Baba yake alikuwa mfanya kazi wa njia wakati reli ilipokuwa bado ni moja kwa nchi tatu, kabla ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Alichoma matofali mwenyewe wakati wa likizo, akayajenga kwa udongo, akaezeka mabati, na watu wa kijiji wakaja kutazama. Kisha akarudi kazini, akakaa katika landi za reli mpaka alipostaafu. Mwana naye akafuata njia ile ile. Hivi ndivyo tulivyo wengi wetu. Mfanya kazi hukaa katika nyumba ya mwajiri au ya kupanga miaka thelathini, akifagia sakafu isiyo yake, na nyumba iliyo yake inaliwa na mchwa huko nyumbani. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mwajiri ampe mfanya kazi mahali pa kukaa panapofaa, ama ampe fedha za kutosha kulipia kodi. Hiyo ni haki yetu na tutaishika. Lakini sheria hiyo yahusu nyumba ya mtu aliye kazini. Siku utakapofikisha miaka 60 na kurudisha ufunguo, haina neno nawe.

Basi kamati ya tawi ikakutana, ikaamua tuitengeneze nyumba ile kabla ya mvua za Novemba, ambazo kwa Ukambani ndizo mvua za kutegemewa. Tukapeleka karatasi ya mchango kwa watu wale wale, katika karakana zile zile. Ndugu zetu, mchango wa mazishi ulichukua siku tisa. Mchango wa nyumba ulichukua majuma saba, na tulipata Shs. 124,500. Wengine walisema chama si kanisa wala si serikali. Wengine walisema kila mtu na kwao. Mmoja, mtu tunayemheshimu sana, alituambia kwamba Mama akifariki atatoa elfu mbili, lakini kwa mabati hana. Alisema hivyo bila ubaya wowote, na hapo ndipo tulipoona ugonjwa wetu ulipo. Tumejizoeza kumchangia mtu akisha kufa. Akiwa hai na mvua inamnyeshea, twaona ni mambo yake ya nyumbani.

Kwa wale waliosema chama kisijishughulishe, twajibu hivi. Chama ni watu, na watu hawa wana mikono ambayo mwenye fedha angeilipia ghali. Katika tawi letu kuna maseremala, wachomeleaji, waashi, mafundi wa rangi, na watu wa genge ambao kazi yao ya kila siku ni kuzuia kitu kizito kisizame ardhini. Kuwatumia Jumamosi tatu hakupunguzi hata nukta moja ya madai yetu ya mshahara. Na yule atakayemwambia mwajiri kwamba wafanya kazi wanajisaidia wenyewe, kwa hivyo posho ya nyumba si lazima, huyo tutakutana naye mezani.

Sasa kazi yenyewe, maana wengine watataka kufanya hivyo kwao, nasi tulikosa katika mambo kadha.

Jumamosi ya kwanza tulifika watu ishirini na mmoja, na karibu wote walitaka kupiga plasta na rangi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi inayoonekana. Nyapara mmoja mzee wa njia akakataa. Alizunguka nyumba mara mbili akitazama chini, si juu, akatuuliza, ‘Maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi?’ Kila mtu wa genge ajua ya kuwa tuta la reli halizami kwa sababu ya uzito wa gari peke yake. Huzama kwa sababu maji yamekaa chini ya kokoto na mtaro umeziba. Nyumba ile ilikuwa na ugonjwa huo huo. Maji ya paa yalidondoka kwenye msingi kwa miaka mingi, na maji yaliyopita katika matundu ya mabati yaliosha udongo uliokuwa kati ya matofali. Ungepiga plasta juu ya ukuta ule, ungeuvika shati safi mtu mwenye kidonda.

Kwa hivyo tulianza kwa mtaro. Tulichimba kuzunguka upande wa juu wa kilima ili maji ya mvua yapite mbali. Kisha tukaitengeneza ile pembe iliyozama. Hapa twawaonya: usichimbe chini ya ukuta wote kwa mara moja, maana utakuangukia. Tulichimba kipande cha kama mita moja, tukajaza mawe na zege, tukakiacha kikakauka hata Jumamosi iliyofuata, ndipo tukachimba kipande cha pili. Vijana walichoka kungojea, wakanung'unika, lakini pembe imesimama.

Paa ndilo lililokula fedha. Boriti zilizolala juu ya ukuta zilikuwa zimeliwa na mchwa hata ukizibonyeza kwa kidole zinaingia ndani, ingawa nje zilionekana nzima. Tulizitoa zote, tukaweka mpya zilizopakwa dawa. Kenchi tatu tulizibadili, nne tukaziacha, baada ya seremala wetu kuzigonga moja moja na kuzisikiliza. Mabati mapya yalikuwa 56. Katika yale ya zamani tulipata kumi na manane yasiyo na matundu makubwa, nayo yakaezeka jiko. Mafundi wote wakumbuke jambo hili: msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati, si katika bonde lake, maana bonde ndilo linalopitisha maji. Tulikuta nusu ya misumari ya zamani imepigwa bondeni. Sasa yule mzee amekwisha kutangulia, hatuwezi kumwuliza ni nani aliyempigia.

Siku hiyo ya paa ndiyo tuliyoaibika. Mwenzetu mmoja wa karakana aliteleza kwenye ngazi, akaanguka, akateguka kiwiko, akakosa kazi siku sita. Ngazi ilikuwa ya kuazima, imefungwa kwa kamba ya mkonge, na hakuna mtu aliyekuwa ameishika chini. Sisi ambao kila mwezi twaandika barua kuhusu usalama kazini, sisi ambao twaijua Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 kifungu kwa kifungu, tulipandisha watu juu ya paa kama watoto wanaokwenda kuiba maembe. Sheria ile humlinda mtu aliyeumia katika kazi aliyoajiriwa. Aliyeumia akimsaidia rafiki Jumamosi hatalipwa na mtu. Siku zake sita zimelipwa kutoka katika mfuko wa tawi, na ni haki. Lakini hatutaki kulipa tena namna hiyo.

Na kwa kuwa twasema juu ya mapaa: mwanachama ambaye nyumba yake ya zamani ina paa la asbesto asiliguse, asilivunje, asilisugue kwa brashi. Vumbi lake huingia mapafuni, na ugonjwa wake huonekana baada ya miaka mingi. Kanuni za nchi tangu mwaka 2006 zaliweka katika taka za hatari, na kuliondoa kuna taratibu zake.

Jambo jingine ambalo hatukulitarajia ni wanawake wa kijiji. Tulifika na lori letu na vifaa vyetu, tukijiona waokozi. Asubuhi ya Jumamosi ya pili tukakuta wanawake kama thelathini wamekwisha kuleta mchanga kutoka mtoni na maji ya kuchanganyia, tena wametukasirikia kidogo. Mwenye kiti wao alituuliza kwa nini hatukupita kwao kwanza. Ukambani kuna mwethya, nao haukuanza jana. Matuta mengi ya kuzuia udongo mnayoyaona katika vilima vya Machakos na Makueni yalichimbwa na watu wa mwethya katika miaka ya 1950. Wanawake wale wana daftari. Asiyekuja kazini bila sababu hutozwa faini, na zamu ya kila nyumba yajulikana. Tulipowauliza kwa nini nyumba ya Mama haikufikiwa na zamu, walitujibu kwamba mwana wake ni mtu wa reli mwenye mshahara, nao walingojea aseme. Yeye naye alikuwa akiona haya huku Nairobi. Hivyo kila upande ulingojea, na mabati yakaendelea kutoboka.

Hatukuweza kumaliza yote. Vyumba viwili havina plasta, na madirisha ya nyuma yamezibwa kwa mbao. Mfereji wa paa tumeutia upande mmoja tu, wenye kuingia katika mapipa mawili. Fundi mmoja wa pale sokoni aliyechukua kazi ya milango alileta milango ya mbao mbichi, ikajipinda kabla ya majuma mawili, na tumemrudishia. Sakafu iliyotiwa saruji ilitakiwa kunyweshwa maji siku saba ili isipasuke, na wajukuu wa Mama walifanya hivyo asubuhi na jioni bila kusimamiwa, kuliko tulivyoona mafundi wengi wakifanya.

Juu ya mfereji, wale wa sehemu za ukame wasikie hesabu hii. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa lile lafunika kama mita za mraba 88. Mvua ya milimita 10, ambayo si mvua kubwa, yamwaga juu yake lita 880, na hata kikipotea kidogo, ni mitungi arobaini ya lita 20. Mama alikuwa akinunua maji, huku maji haya yakimwangushia nyumba. Tangi ndilo jambo la kwanza litakalofuata.

Fedha zenu zimetumika hivi: mabati 56, Shs. 64,400. Mbao na dawa ya mchwa, Shs. 18,500. Saruji mifuko 22, Shs. 17,160. Misumari, mfereji na vitu vidogo, Shs. 9,300. Lori, Shs. 5,000. Chakula, Shs. 6,800. Jumla Shs. 121,160. Zimesalia Shs. 3,340 kwa mtunza hazina, na risiti zote ziko ofisini kwa mwanachama yeyote atakayetaka kuziona. Nauli kila mtu alijilipia.

Mama amerudi kulala chumbani kwake. Kuku wamebaki jikoni peke yao, na twasikia hawakupendezwa.

Kamati imepokea maombi mengine mawili tangu habari hii ienee, na twadhani kuna mengi zaidi yaliyofungwa midomoni. Mwanachama anayejua kwamba kwao hakukaliki aje amwambie katibu wa tawi peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Jina lake halitasomwa mkutanoni. Nyumba ya kwanza itakuwa ya mjane wa mwenzetu wa taa na ishara, na kazi itaanza Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara. Twahitaji waashi wawili, seremala mmoja, na mtu mwenye ngazi nzima. Ngazi iletwe ofisini Ijumaa ikaguliwe kwanza.