Moba: Tairi la mvua linunuliwe vumbi lingalipo

Barabara za Moba zina majira mawili. Kuanzia Mei hadi Septemba ni vumbi, na kuanzia Oktoba hadi Aprili ni matope. Hakuna dereva wa Kirungu, wa Pepa wala wa Moba-Port asiyejua hilo. Hata hivyo, wenye magari wengi hungoja mvua ya kwanza inyeshe, gari liteleze, ndipo waanze kuulizia bei ya tairi. Hapo wamekwisha kuchelewa.

Mvua za mwanzo ndizo zenye hila. Vumbi la miezi mitano limelala juu ya udongo mgumu. Manyunyu kidogo tu yakilipata, linageuka utelezi kama sabuni, huku chini barabara bado ni kavu. Dereva akiangalia anaona njia ni ileile ya jana. Anayeshuka kutoka Kirungu kwenda bandarini akiwa na tairi lililolika atagundua tofauti pale anapokanyaga breki, na mteremko haumpi nafasi ya kufikiri mara ya pili.

Jambo la pili ni upatikanaji. Tairi halitengenezwi Moba. Linaletwa kwa boti kutoka Kalemie, au kwa lori kupitia Barabara ya Taifa namba 5, ileile inayoharibiwa na mvua. Anayengoja Novemba anatafuta tairi wakati ambao kila mtu analitafuta, na lori lililolibeba huenda limekwama njiani. Basi ananunua lolote atakalolikuta, kwa bei yoyote atakayoambiwa.

Nchi zenye theluji zilikutana na tatizo hili zamani. Wakongomani wengi wanaoishi Montréal wanajua sheria ya jimbo la Québec: kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi, gari ni lazima liwe na matairi ya baridi, theluji iwe imeanguka au bado. Hapo awali tarehe ilikuwa 15 Desemba, na mwaka 2019 ikasogezwa nyuma kwa wiki mbili, kwa sababu theluji ilikuwa ikiwatangulia madereva. Ujerumani nako watu wana msemo wao kwamba tairi la baridi ni la kutoka Oktoba hadi Pasaka. Katika nchi hizo mtu hangoji ateleze kwanza. Kalenda ndiyo inayoamua.

Moba haihitaji tairi la theluji. Inachohitaji ni tarehe. Tarehe 15 Septemba ingefaa: mavuno yamekwisha kuuzwa, barabara bado inapitika, na mvua iko karibu kiasi kwamba hakuna wa kusema ni mapema mno.

Kujua kama tairi limefikia mwisho hakuhitaji mashine. Ulaya, sheria inakataza tairi la gari dogo ambalo mifereji yake imepungua chini ya milimita 1.6, na mafundi wengi wanashauri libadilishwe kabla ya kufika hapo. Kijiti cha kiberiti kina unene wa karibu milimita 2. Kikilazwa ndani ya mfereji na kikatokeza juu, tairi hilo lisivuke Septemba. Kwenye matope mfereji una kazi moja, kushika udongo na kuutupa nje. Ukijaa na usitupe, gurudumu linazunguka bure kama chungu kilichopakwa mafuta.

Tairi la mtumba nalo lina mtego wake. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 3517 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2017. Tairi lenye miaka kumi linaweza kuwa na mifereji mizuri huku mpira wake umekauka na kupasuka. Na likiwa na alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, hilo ni tairi la baridi lililovuliwa mahali pengine. Meno yake mengi yanavutia macho, lakini mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa joto la chini ya nyuzi 7. Kwenye joto la kando ya Ziwa Tanganyika litalika upesi, na breki itachelewa kushika.

Linabaki swali gumu zaidi: nani anaamua? Mara nyingi si dereva. Gari au pikipiki ni ya mtu mwingine, naye anachosubiri ni pesa za kila siku. Dereva akisema tairi limekwisha, anaambiwa avumilie hadi mwisho wa mwezi. Anayelipia uvumilivu huo ni mama aliyekaa juu ya magunia ya mahindi, pamoja na abiria wa pikipiki ambaye hana hata kofia ya chuma kichwani. Mwenye chombo akianza kuweka pesa kidogo kila wiki tangu Juni, Septemba haitamkuta mikono mitupu. Dereva naye asitozwe hesabu ya siku ambayo chombo kimesimama kwa ajili ya kubadilishwa tairi.

Wapo watakaosema ukaguzi ukipewa polisi wa barabarani utageuka kizuizi kingine cha kuomba pesa. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana kazi ianze na vyama vya madereva wenyewe, pale maegeshoni, kabla ya kupakia. Chombo chenye tairi lililokwisha kisipewe zamu. Wenzake wakimkatalia, mwenye chombo atasikia haraka kuliko akiandikiwa faini.

Wengine watasema, na ni kweli, kwamba tairi jipya halizibi shimo. Barabara ni kazi ya Office des Routes. FONER, mfuko wa matengenezo ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unapata pesa kutokana na mafuta ambayo madereva haohao wananunua. Wana haki ya kuuliza pesa hizo zinafika wapi, na waulize kwa sauti wakati wa kiangazi, wakati ambao greda linaweza kufanya kazi. Lakini dereva anayeacha tairi lililolika kwa sababu barabara ni mbaya anamwongezea abiria hatari mbili badala ya moja.

Vilevile tairi zuri lisiwe kibali cha kuruka kizuizi cha mvua. Lori zito likipita kwenye udongo uliolowa linachimba mtaro ambao gari dogo litakwama ndani yake kwa wiki nzima. Saa chache za kungoja njia ikauke ni sehemu ya matengenezo pia.

Mvua haibishani na mtu, na kila mwaka majira yake yanajulikana. Vyama vya madereva na wenye magari wa Moba wakikubaliana juu ya tarehe moja ya Septemba, hawatahitaji kungoja amri kutoka Kalemie wala Kinshasa. Watahitaji kijiti cha kiberiti, na ujasiri wa kumwambia mwenye gari: leo halitoki.