Mahindi: Hesabu ya dumuzi ianzie sokoni

Mfanyabiashara wa mahindi anapopanga bei huangalia mvua, hali ya barabara na bei ya dizeli. Mdudu humkumbuka mwishoni, akishamkuta ndani ya gunia. Hapo hasara imekwisha kuingia, na kilichobaki ni kushusha bei. Hata hivyo, mwendo wa mdudu unaweza kukadiriwa mapema kwa hesabu, na hesabu hiyo inaonyesha kuwa fedha za kupambana naye zikiwekwa shambani peke yake huleta faida ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Mfano ulio karibu ni dumuzi mkubwa wa nafaka. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Alitambuliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na uchunguzi wa wakati huo ulikuta mahindi yaliyokaa ghalani miezi mitatu hadi sita yakiwa yamepoteza hadi asilimia 34 ya uzito wake. Mwaka 1983 alionekana Taveta nchini Kenya, zaidi ya kilometa 500 kutoka Tabora. Mwaka 1984 alikuwa Burundi, na mwaka huohuo akaonekana Togo, upande wa pili wa bara. Wakulima wa Tanzania walimpachika jina la Scania, lile la malori ya mizigo. Jina hilo lilimfaa.

Hesabu yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1937 mtaalamu wa Uingereza, R. A. Fisher, alionyesha jinsi sifa mpya ya urithi inavyoenea katika eneo kama wimbi. Mwaka 1951 Mwingereza mwingine, J. G. Skellam, alitumia mawazo ya namna hiyo kwa panya wa majini wa Amerika Kaskazini, ambao wachache wao waliachiliwa karibu na Prague mwaka 1905. Alikuta kwamba mpaka wa panya hao ulisonga mbele kwa mwendo wa karibu sawasawa mwaka hadi mwaka.

Kanuni ni fupi. Chukua kiwango cha kuzaliana, kizidishe kwa kiwango cha kutawanyika, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa mbili. Hiyo ndiyo kasi ya uvamizi. Neno la kushika hapo ni kipeuo. Dawa ikipunguza kuzaliana kwa nusu, kasi haipungui kwa nusu, bali kwa asilimia 29 tu. Anayetaka kasi ishuke kwa nusu lazima apunguze kuzaliana hadi robo. Dawa inaokoa mahindi ya ghala lile ilimowekwa, na kwa hiyo ina thamani yake, lakini haimzuii sana mdudu kusonga mbele.

Pili, kanuni hiyo inamhesabu mdudu anayekwenda kwa nguvu zake mwenyewe. Lori halimo. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mpaka wa wadudu unasonga kilometa 20 kwa mwaka. Lori likibeba gunia chafu kilometa 400, mdudu amesafiri safari ya miaka 20 kwa usiku mmoja. Tena anapofika anaanzisha kitovu kipya, nacho kinaanza kupanuka pande zote.

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Eneo moja la duara lenye nusu kipenyo cha kilometa 100, likipanuka kwa kasi hiyo kwa miaka miwili, litaongezeka kwa kilometa za mraba 30,000 hivi. Vitovu kumi vipya vilivyo mbalimbali, kila kimoja kikianza na magunia machache, katika miaka hiyo miwili vitafunika kilometa za mraba 50,000. Vile vidogo visivyotazamwa na mtu vinalipita lile kubwa linalozungumzwa na kila mtu.

Somo hilo si la nafaka peke yake. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipothibitishwa Uingereza mwezi Februari 2001, kondoo wenye maambukizo walikuwa wamekwisha kupita minadani na kusambazwa mbali. Mifugo zaidi ya milioni sita ilichinjwa. Mnada ulikuwa umefanya kazi ya lori.

Wako watakaosema kuwa ukaguzi ni kero nyingine juu ya ushuru na mizani. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu ukaguzi usiwekwe barabarani. Mahali pake ni soko la kupakilia na ghala, mzigo ukiwa bado chini: mahindi yakauke vizuri, magunia yaliyotumika yasafishwe kabla ya kujazwa tena, shehena yenye wadudu ipigwe dawa ya mvuke kabla ya kufungwa turubai. Sehemu ya ushuru wa mazao unaokusanywa katika masoko hayohayo ndiyo ilipie kazi hiyo. Anayelipa ushuru naye apate kitu.

Wala dawa hiyo haifai kila adui. Viwavijeshi vamizi waliripotiwa Afrika Magharibi na ya Kati mwanzoni mwa 2016, na mwaka 2017 walikuwa Kenya na Tanzania. Nondo wao anaweza kuruka kilometa 100 kwa usiku mmoja. Kwa huyo, kukagua magunia ni kupoteza wakati. Fedha ziende kwenye mitego ya kumtambua mapema na mafunzo ya mkulima. Manufaa ya hesabu ni kutenganisha adui wa mabawa na adui wa magurudumu kabla fedha hazijatumika.

Dumuzi amekwisha kuenea na hatarudi alikotoka. Mgeni mwingine atakuja, maana nafaka haiachi kusafiri. Siku atakapotambuliwa, swali la kwanza lisiwe amekula magunia mangapi, bali malori yaliyopakia sokoni hapo mwezi uliopita yalishusha wapi. Masoko yanayoandika daftari la shehena zinazotoka yatajibu siku ileile. Yasiyoandika yatasubiri kuletewa habari na wateja, pamoja na magunia yaliyorudishwa.