Shabaha Kwanza, Bunduki Baadaye

Mwalimu mmoja wa shule ya upili, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, alinijia hivi majuzi na swali ambalo mtu wa isimu haulizwi kila siku. Alikuwa amealikwa na rafiki yake katika uwanja wa kulengea shabaha, akaupenda mchezo huo, na sasa alikusudia kuomba leseni ili ajipatie bunduki yake mwenyewe. "Mwalimu," akaniambia, "wewe umeujua mchezo huu kwa miaka mingi. Nichague ipi?" Kabla sijafumbua kinywa, akanionyesha picha ya ile aliyokwisha kuipenda: nyeusi tititi, yenye kujipakia risasi yenyewe, iliyoundwa ifanane na silaha ya askari aliye vitani.

Nilimjibu kwa swali la msamiati. Neno shabaha katika lugha yetu lina maana mbili: ni ile alama inayolengwa, na pia ni kusudi la mtu. Je, shabaha yake ilikuwa ipi? Kwa maoni yangu, mtu anayeichagua bunduki kabla ya kuijua shabaha yake amekwisha kukosea hata kabla ya kufyatua risasi ya kwanza.

Hebu tuutazame mchezo wenyewe. Katika mashindano ya Olimpiki ya mita 50, bunduki inayotumiwa ni ya risasi yenye kipenyo cha milimita 5.6 tu, ile iitwayo .22 Long Rifle, iliyobuniwa Marekani mwaka wa 1887. Duara la alama kumi, lililo katikati ya shabaha, lina kipenyo cha milimita 10.4, yaani kama upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Mshindani hulenga akiwa amepiga goti, kisha akiwa amelala kifudifudi, kisha akiwa amesimama. Risasi hutiwa moja moja kwa mkono, na darubini juu ya bunduki ni marufuku. Nguvu na mbwembwe zina nafasi gani hapo?

Wengi hudhani kwamba risasi iendayo kasi zaidi ndiyo hupiga barabara zaidi. Kwa bunduki hizi ndogo, mambo aghalabu huwa kinyume. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Risasi inayotoka mtutuni kwa kasi ipitayo hiyo, kisha ikapungua kasi njiani, hutikisika inapovuka mpaka huo na kupotoka kidogo. Ndiyo maana risasi zinazotengenezwa kwa mashindano huenda polepole kuliko sauti tangu mwanzo. Mwenda pole hajikwai.

Basi mwanagenzi na achague nini? Kwanza, kitako kiwe cha urefu unaolingana na mkono wake, ili jicho lifikie vilengeo bila shingo kujinyonga. Pili, kifyatulio kiachie kwa wepesi usiobadilika. Tatu, mtutu uwe mzito kiasi, usiyumbe kwa kila pumzi. Nne, iwe bunduki ya komeo, inayofunguliwa na kufungwa kwa mkono baada ya kila risasi. Sisemi kwamba bunduki ya kujipakia ni dhambi. Nasema kwamba haimfai anayejifunza. Mwanafunzi anayefyatua mara kumi kabla ya kujiuliza kwa nini risasi ya kwanza ilikwenda kushoto ni sawa na yule anayejaza kurasa kumi za insha bila kusoma tena aya ya kwanza. Hatimaye, anunue aina kadhaa za risasi, apige tano tano za kila aina na kulinganisha matundu, kwa kuwa kila mtutu una aina unayoipenda.

Tujihadhari pia na kivumishi "ndogo". Risasi hiyo, ambayo kwa kawaida ina uzito wa takribani gramu 2.6, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na inaweza kuua. Isipigwe pasipo na ukuta au kilima cha kuizuia. Na jina lenyewe risasi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, maana yake ni madini yaleyale yenye sumu. Kwa hivyo mpigaji na anawe mikono kabla ya kugusa chakula au mtoto.

Wapo watakaouliza: katika nchi ambamo bunduki haramu zimeacha mayatima na wajane kule Kaskazini mwa Bonde la Ufa, mchezo huu una haja gani? Nauheshimu uchungu wa swali hilo. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, hairuhusu raia kumiliki bunduki wala risasi bila cheti, na mwishoni mwa mwaka wa 2018 serikali iliwataka wenye leseni wote wachunguzwe upya. Hata hivyo, sheria haiwezi kuchungulia ndani ya moyo wa mwombaji. Mtu akiandika "mchezo" katika fomu yake, ilhali anatafuta kitu cha kuwatisha majirani, ameligeuza neno hilo kuwa pazia, na anayechafuliwa jina ni yule mchezaji wa kweli. Bunduki anayoichagua ndiyo itakayomfichua.

Rafiki yangu alinyamaza kitambo, kisha akaikunja picha yake. Akasema angerudi uwanjani ajifunze kwanza chini ya mkufunzi, na suala la kununua lingoje. Nilifurahi. Alikuwa bado hana bunduki, lakini shabaha alikuwa ameanza kuiona.